Jiwe Si Tabibu

Wachina wana tiba ya tangu zamani iitwayo gua sha: ngozi hupakwa mafuta, kisha hukwanguliwa kwa ukingo wa jiwe, wa pembe ya nyati, au hata wa kijiko cha kaure. Wekundu utokeao ni damu ya vishipa vidogo vilivyopasuka chini ya ngozi; si sumu itokayo mwilini, kama wadaivyo wauzaji.

Itazame kazi ya fundi. Jedi ni jiwe gumu, kisu cha chuma hakilichongi. Husagwa kwa mchanga mkali na maji, polepole, hata ukingo uwe laini usiochubua. Thamani ya chombo imo humo. Maji nayo humlinda fundi na vumbi, kwani vumbi la mawe huharibu mapafu.

Kisha huja mchuuzi akasema jiwe lina siri, akauza kioo cha rangi kwa bei ya jedi! Je, huyu ni mganga au mwizi? Na anayelitegemea jiwe limponye, amelitofautishaje na hirizi?

Mponyaji ni Mwenyezi Mungu. Mwenye kununua na apapase ukingo, asinunue hadithi; na mwenye homa aende kwa daktari.