Akiba Tunayoizika

Mwezi uliopita niliibomoa dari ya jipsamu ya sebule yangu, iliyolowa mvua hadi ikaning'inia kama chandarua. Fundi akapakia vipande kwenye toroli akaniuliza, “Mzee, tukatupe korongoni?” Nikajibu, “Katupeni.” Nakiri kosa langu kwanza, ndugu msomaji, usije ukadhani nawasuta wengine tu.

Jipsamu si uchafu. Ni jiwe laini lenye kalsiamu, salfa na maji. Jirani zetu wa Kilwa wanalo ardhini. Huchomwa, husagwa, hutiwa maji, nalo huganda upya. Basi dari ikivunjika, jiwe halijafa. Ukiondoa karatasi, misumari na rangi, unga wake bado ni mali. Saruji hutiwa jipsamu kidogo isigande kabla fundi hajamaliza kazi, na Mtwara tuna kiwanda kikubwa cha saruji tangu 2015. Karanga nayo huifyonza kalsiamu kwa ganda lake changa lililo udongoni. Ikiikosa, mkulima huvuna maganda matupu. Na ni karanga hizo hizo zilizowafanya Waingereza, katika mpango wao wa 1947, waanze kutujengea bandari. Mpango ulikufa 1951. Bandari tunayo hadi leo.

Sasa tazama tunavyofanya. Tunaifukia jipsamu pamoja na maganda ya ndizi na majani, penye maji na pasipo hewa. Hapo vijidudu huigeuza kuwa gesi inayonuka kama yai viza, na gesi hiyo ikizidi huua. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya hauruhusu izikwe pamoja na taka zinazooza. Sisi tunaizika, kisha juu yake tunapima viwanja!

Najua nitaambiwa: mabaki ya nyumba moja ni madebe mangapi? Nami nauliza: ni nani asiyesema hivyo? Simwombi mtu fedha. Naomba kila mjenzi aweke fungu la jipsamu kando, pakavu. Halmashauri itenge mahali pa kulipokea. Wenye viwanda waseme watalichukua likiwa safi kiasi gani. Na watafiti wetu wa Naliendele watuambie shamba lipi linalifaa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwaona wanaoizika. Juzi nilirudi korongoni na toroli. Nilipata nusu tu. Nyingine ilikwisha kufukiwa.