Mzee wa Baraza Mwenye Miaka 26

Nina miaka 26, na kwa sheria za nchi hii natosha kuwa mzee wa baraza. Sitanii. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inasema mtu mwenye umri kati ya miaka 21 na 60, ukiondoa makundi yaliyosamehewa, anaweza kuitwa Mahakama Kuu kukaa karibu na jaji, kusikiliza kesi tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kusema mbele ya watu wote kama anaona mshtakiwa ana hatia au hana. Ukivuka 60 unapumzishwa. Kwa hiyo "mzee" wa baraza ni mimi, na pengine ni wewe unayesoma hapa. Babu yangu wa kule Poli, aliyezeeka kweli kweli, hahusiki.

Sijawahi kuitwa. Nimewauliza wenzangu wa shahada ya uzamili, na hakuna aliyewahi kuitwa wala anayemjua kijana aliyeitwa. Wengi walidhani nazungumzia lile jopo la watu 12 la kwenye filamu za Marekani. Mmoja, aliyesoma sheria, akaniuliza: "Kwani hiyo si ilifutwa?" Hakukosea sana. Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha sheria, na kile kilichokuwa lazima katika kesi za Mahakama Kuu kikawa hiari. Jaji akiona haja, atawaita wananchi. Asipoona, ataendelea mwenyewe. Unafikiri mtu mwenye mlima wa mafaili mezani ataona haja mara ngapi?

Sikumbuki maandamano. Sikumbuki hata mjadala mtandaoni, sisi ambao hujadili hata bei ya bando kwa siku tatu. Wananchi walitolewa mahakamani kimya kimya na wananchi wenyewe hatukugundua. Ndicho kinachoniudhi, na kinaniudhi zaidi kwa sababu naishi Arusha.

Arusha ni jiji la mahakama kuliko jiji lolote Afrika ninalolijua. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda iliundwa 1994 na ikafanya kazi pale AICC mpaka mwisho wa 2015. Iliyorithi kazi zake ina majengo yake Lakilaki. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa. Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapa. Bill Clinton alipokuja mwaka 2000 akapaita Geneva ya Afrika, na mpaka leo kuna machalii wa Chuga wanaolitaja jina hilo kama vile walichangia. Tumechangia nini? Tumewapangishia nyumba, tumewapikia, tumewaendeshea magari. Haki imepita mbele yetu miaka thelathini katika msafara wa magari meupe, na sehemu pekee ambayo mkazi wa Sakina au Ngaramtoni angeweza kuketi na kuulizwa "wewe unaonaje?" ilikuwa kwenye kesi zetu wenyewe. Hiyo ndiyo tumeiacha iende.

Nitawatendea haki waliobadilisha sheria, kwa sababu hawakuwa wajinga. Walikuwa na hoja nzito. Kwa miaka mingi Mahakama ya Rufani ilikuwa ikifuta mienendo ya kesi za mauaji kwa kasoro zinazohusu wazee wa baraza. Jaji hakuwaeleza wajibu wao. Jaji hakumuuliza mshtakiwa kama ana pingamizi nao. Majumuisho aliyowasomea yaliruka hoja muhimu za kisheria. Au wazee walimhoji shahidi kwa ukali kama mawakili, wakati sheria inawaruhusu kuuliza maswali ya kufafanua tu. Matokeo: kesi ianze upya. Na kosa la kuua kwa kukusudia halina dhamana, kwa hiyo "ianze upya" ilimaanisha mtu arudi mahabusu kusubiri tena, labda mashahidi wawe wamekufa au wamehama. Mtu anayeniambia mfumo huo ulikuwa unaumiza watu, simbishii.

Lakini soma tena orodha hiyo polepole. Aliyesahau kueleza wajibu ni nani? Aliyesahau kuuliza pingamizi? Aliyeandika majumuisho yenye mapengo? Hata wazee walipovuka mipaka kwenye maswali, aliyepaswa kuwazuia alikuwa ameketi nao meza moja. Karibu kila kosa lilikuwa la mtu mwenye shahada ya sheria, na adhabu ikaenda kwa asiye na shahada. Ni sawa na dereva kugonga daladala kila wiki, halafu uamuzi wa tajiri ukawa kuondoa abiria.

Kuna shangazi yangu, mkubwa wa baba, anayeuza ndizi soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi. Miaka kadhaa iliyopita, kabla ya mabadiliko, aliitwa kuwa mzee wa baraza katika kesi ya mauaji, kwenye mahakama ambayo sitaitaja. Ugomvi wa kilabuni, usiku, mtu kachomwa kisu njiani akirudi nyumbani. Shahidi alisema alimtambua mshtakiwa kwa mbalamwezi. Swali la mwanga si dogo: tangu kesi ya Waziri Amani ya 1980 mahakama zetu zinatakiwa kuchunguza kwa makini mazingira ambamo shahidi anadai kumtambua mtu. Wakili aliuliza mwezi ulikuwa mkubwa kiasi gani. Shahidi akasema mpevu kabisa. Wote wakaandika.

"Nikawatazama," shangazi alinisimulia, "nikajiuliza, hawa wamewahi kupita kwenye migomba usiku?"

Anayeishi kwenye miteremko ya Meru anajua. Katika kihamba, migomba ikiwa imeshikana juu ya mibuni, mwezi uwe mkubwa namna gani, chini ni giza. Unapita kwa kukariri njia. Shangazi alimuuliza shahidi: pale mlipokutana palikuwa na migomba au palikuwa wazi? Shahidi akasita, akasema migomba. Kisha akauliza la pili, na hapo akaambiwa mzee wa baraza hamhoji shahidi.

"Sasa mwanangu," akaniambia, "mimi nimeitwa kuleta macho yangu au kuleta kiti?"

Mwishoni alitoa maoni kwamba hakuridhika. Mshtakiwa aliachiwa. Shangazi anasema hukumu ilizungumzia mwanga kwa kirefu, na posho yake ililetwa baada ya kufuatilia mara nne kwa nauli yake mwenyewe. Mimi sidai kwamba jaji asingelifikia jambo hilo bila yeye. Nadai kwamba kwenye chumba kile, siku ile, aliyeuliza swali la migomba alikuwa mwanamke wa darasa la saba.

Ajabu nyingine iko kwenye mpangilio wa nguvu. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 iliandika kwamba katika mahakama ya mwanzo hakimu akae na wazee wasiopungua wawili, na wakitofautiana, jambo liamuliwe kwa wingi wa kura, hakimu akiwa na kura ya ziada pale tu zinapolingana. Maana yake kwenye kesi ya kuku aliyeibwa, raia wawili waliweza kumshinda hakimu. Panda juu, Mahakama Kuu, kwenye kosa la kuua kwa kukusudia ambalo adhabu yake ni moja tu, kunyongwa, na hapo raia yuleyule anatoa maoni ambayo jaji hafungwi nayo. Kadiri uhai wa mtu unavyokuwa hatarini ndivyo mwananchi anavyoaminiwa kidogo. Ni kweli hatujamnyonga mtu tangu 1994, lakini hukumu hizo zinaendelea kusomwa, na zinasomwa kwa jina letu.

Mpangilio huo una historia. Waingereza waliutoa mfumo huu kwenye utawala wao wa India wakauleta Afrika Mashariki: mwenyeji akae, aeleze mila, aondoke. Kenya walikwenda mbali zaidi, Mzungu akishtakiwa anapewa jopo kamili la Wazungu wenzake lenye kauli ya mwisho, na Mwafrika anapata washauri tu. Sir Jock Delves Broughton aliachiwa na jopo la namna hiyo Nairobi mwaka 1941. Huku kwetu, mwanaanthropolojia P. H. Gulliver alipowachunguza Waarusha katika miaka ya 1950, aliwakuta wakimaliza migogoro yao mikubwa kwa mazungumzo marefu, wasemaji wa ukoo na wa rika wakivutana mpaka pande mbili zikubali. Watu walioamua wenyewe wakageuzwa washauri. Na Wameru wanajua vizuri kuamuliwa: mwaka 1951 waliondolewa Engare Nanyuki kwa uamuzi wa serikali ya kikoloni, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kulalamika mbele ya Umoja wa Mataifa. Walitaka kuulizwa.

Najua mtakaloniambia, hasa dada zangu. Hao wazee wa mila ndio waliowanyima mabinti ardhi. Ni kweli, na sitaki kurudi huko. Binti kwenye kihamba alikuwa mgeni anayesubiri kuolewa, na aliyetikisa jambo hilo mwaka 1990, katika kesi iliyotoka Kagera, hakuwa mzee wa baraza bali jaji, Mwalusanya, aliyesema mwanamke anaweza kuuza shamba la ukoo kama mwanamume. Lakini baadaye kuna majaji pia waliokiri kwamba mila za urithi ni za kibaguzi kisha wakazikwepa. Joho halimponyi mtu ubaguzi. Kinachosaidia ni nani ameketi pale. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002 ililiona hilo: ikataka wazee wa baraza la ardhi la wilaya wasizidi saba, watatu wao wawe wanawake. Ongezeni la umri basi. Tatizo la baraza la wazee watupu tungelitibu kwa kuita wengine, sisi tukaamua kutoita kabisa.

Na wakati gani! Februari 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kufanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kwa miongo yote kabla ya hapo, shahidi alisema kwa Kiswahili, jaji akaandika kwa Kiingereza, na mzee wa baraza akawa hawezi hata kusoma mwenendo wa kesi anayoitolea maoni. Hatimaye mahakama ikaanza kusema lugha ya shangazi yangu. Mwaka uliofuata shangazi akaambiwa si lazima awepo.

Kenya walituwahi, walifuta 2007. Kesi ya mwisho iliyovuma kule ilikuwa imeanza kabla: Thomas Cholmondeley, Mzungu wa ukoo wa Lord Delamere, aliyeshtakiwa kwa kifo cha Robert Njoya shambani kwake mwaka 2006. Nchi ilikuwa imechemka. Wanaoogopa wananchi wangetarajia wazee wa baraza waseme anyongwe jana. Walisema hana hatia. Jaji akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, mwaka 2009. Sijui ningesema nini ningekuwa kiti kile, na siwatetei. Ila ile hofu kwamba raia akiitwa atahukumu kwa hasira za mtaani, kesi ile haiisaidii.

Ninachotaka si kigumu. Irudisheni lazima, angalau kwa makosa ya kunyongwa. Majina yatoke kwa bahati nasibu kwenye orodha ya wapigakura ya kata, badala ya kuchagua wastaafu walewale wanaojulikana na karani. Wapewe maelezo ya wajibu wao yaliyochapwa, kwa Kiswahili, yasomwe kabla shahidi wa kwanza hajaapa, ili jaji asiweze kusahau. Wakikubaliana wote kwamba mtu hana hatia, jaji asimtie hatiani. Na Mahakama ya Rufani ikikuta kasoro, iulize kwanza kama imemuumiza mtu. Katiba yenyewe, ibara ya 107A, inakataza haki kufungwa na ufundi usio wa lazima.

Niliwasomea wenzangu mapendekezo haya tukiwa tunasubiri chai kantini. Yule wa sheria akasema ni ndoto. Mwingine, anayesoma uhasibu na kuendesha toyo jioni ili alipe ada, akauliza swali moja tu: "Posho ni shilingi ngapi, na inalipwa lini?" Wakacheka. Mimi naona ndilo swali la kwanza ambalo Bunge lingepaswa kulijibu. Kesi inaweza kuchukua wiki mbili mfululizo. Ukimwita dereva wa toyo au mama wa Tengeru bila kumlipa siku hiyo hiyo, utabaki na wastaafu tena, halafu utasema vijana hawakutaka kuja.