Mtoto mmoja asomee kutufasiria mazingira

Wanamemba wa ushirika, mwaka 2021, na tena 2024, Ziwa Tanganyika lilipanda hapa Kalemie, maji yakaingia nyumba na mashamba ya kando. Tangu hapo kila mtu ana maelezo yake. Wamoja wanasema mizimu imekasirika. Wengine wanasema Lukuga imezibika, tuichimbe tu, mambo yaishe.

Ukweli unapita somo moja. Lukuga ndiyo mlango pekee wa ziwa, lakini maji mengi hayatokei pale: jua linayakausha, yanapanda kama mvuke. Kwa hiyo mvua ikizidi miaka kadhaa, ziwa linajaa hata kama mto unapita. Ila mlango nao una maana. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron aliukuta umejaa majani. Miaka michache nyuma yake maji yakapasua njia, ziwa likashuka mita nyingi. Na vilima tunavyokata miti ya makala vinatelemsha udongo mitoni.

Agronomu anajua udongo, mwingine anapima maji, mwingine anajua samaki. Nani anaunganisha yote, halafu anatuelezea kwa lugha yetu? Kuna vyuo vikuu vinavyofundisha hivyo: sayansi nyingi katika diplome moja, pamoja na ufundi wa kufasiri mazingira kwa watu. Kazi hiyo inajulikana zaidi katika mapaki, kwa kuongoza watalii. Mimi nasema mkulima anaihitaji kuliko mtalii.

Mutauliza: mtoto akisoma hayo, atakula nini? Ni swali la haki, minervale si mchezo. Redio, shule na mashirika yanahitaji watu wa namna hiyo, lakini kazi haitakuja kama sisi wenyewe hatuiombi.

Basi tuanze na kidogo. Wanafunzi wanakuja kwetu kufanya staji, wanauliza maswali, wanajaza karatasi, wanaenda. Memware inabaki kule, kwa Kifaransa. Tuweke sharti: anayesoma mashamba yetu arudi kabla ya mvua, atueleze kwa Kiswahili alichoona, na asikilize wazee wanaojua mahali maji yalifika zamani.

Mwenye shamba la kando anataka kujua jambo moja: apande tena mihogo pale, ioze ndani ya maji, ao ajaribu mpunga, ao apande juu kidogo? Jibu hilo ndilo diplome inapaswa kutuletea.