KIBAO KILICHORUDISHWA



Husemwa kwamba bandari ni ya mwenye bunduki. Tutazame habari za Hong Kong tuone kama ni kweli.

Waingereza walikichukua kisiwa cha Hong Kong mwaka 1841, katika vita walivyopigana na Uchina kwa ajili ya biashara ya kasumba. Kwa mkataba wa Nanking wa 1842 Uchina ilishurutishwa kuwaachia kisiwa hicho, na kuwafungulia bandari tano: Canton, Amoy, Foochow, Ningpo na Shanghai. Hata ushuru wa forodha Uchina haikuweza tena kuupanga peke yake. Wenye nyumba wakawa wageni mlangoni mwao.

Lakini bunduki haipakii shehena, wala mkataba hautii makaa tanurini. Kazi hiyo ilifanywa na Wachina, kwa mshahara mdogo kuliko wa baharia Mzungu. Na mawakala wa kuajiri nao walikata fungu lao.

Mabaharia walidai nyongeza mara tatu, wasiridhishwe. Januari 1922 wakagoma. Serikali ya kikoloni ikaona dawa ni kukipiga marufuku chama chao. Polisi wakaenda wakakishusha kibao cha ofisi. Je, meli ziliondoka? Hata kidogo! Makuli wa gatini wakaweka mizigo chini, wapishi na watumishi wa nyumbani wakatoka, mpaka wagomaji wakapita 100,000. Tarehe 4 Machi, wagomaji waliokuwa wakienda Canton kwa miguu walipigwa risasi huko Shatin, na baadhi yao wakafa. Siku ya pili yake mapatano yakafanywa: nyongeza ya asilimia 15 hadi 30, na chama kiwe halali tena. Kibao kikarudishwa mahali pake.

Ukoloni haukuisha siku hiyo. Bendera ya Uingereza ilishushwa Hong Kong mwaka 1997. Wala hatusemi kwamba mgomo ni mchezo: waliokufa Shatin hawakuila nyongeza ile. Tunasema hivi tu: mabaharia peke yao wangeshindwa. Walisimamishwa na makuli na wapishi, ambao nyongeza hiyo haikuwa yao.

Basi ndugu, siku mwenzako wa kazi nyingine atakapokuja kuomba msaada, usimwulize, "Yanihusu nini?" Kibao chake kikishushwa leo, chako kitafuata kesho.