UMRI NA UZITO WA MTOTO MWENYE KISUKARI

Wapo wananchi wengi, Visiwani na Bara, wanaodhani kuwa kisukari ni maradhi ya watu wazima na wenye shibe. Dhana hiyo ni ya hatari. Ndiyo inayomfanya mzazi wa Mtendeni, mjini Tabora, amtazame mwanawe akikonda, akinywa maji bila kukoma na kukojoa usiku kucha, asifikirie ila malaria au minyoo. Sisi wa Visiwani tusiseme hayo ni ya mbali. Mtendeni ipo Tabora na ipo Unguja, na njia ya misafara iliyotoka pwani hadi Ujiji ilituunganisha zamani. Maradhi haya nayo hayajui bahari wala bara.

Kisukari cha aina ya kwanza huanza pale kinga ya mwili inapoziangamiza chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Zamani mtoto wa namna hiyo alikuwa wa kufa. Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyebaki na kilo zipatazo 30, alichomwa insulini. Aliishi miaka 13 zaidi.

Tangu hapo wataalamu wamejifunza mambo mawili ambayo wazazi na wakuu wa afya hawana budi kuyajua.

La kwanza ni umri. Mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka 5, hupoteza upesi uwezo wa kutengeneza insulini. Aliyekaribia kubalehe au aliyebalehe mara nyingi hubaki na akiba kidogo, na baada ya kuanza sindano huweza kupata nafuu ya miezi kadhaa. Nafuu hiyo siyo kupona. Mzazi akiacha sindano kwa kudhani dawa ya mitishamba imeshinda, anamrudisha mwanawe kwenye mauti.

La pili ni uzito. Siku ugonjwa unapogunduliwa, mtoto mnene kwa kawaida bado hutengeneza insulini nyingi kuliko mwembamba wa rika lake. Sababu ni kwamba mwili mzito hudai insulini nyingi, hivyo upungufu hujitokeza mapema, chembe zikiwa hazijaisha zote. Lakini asije mtu akasema unene ni kinga. Mwili huohuo huikaidi insulini, na ndiyo maana kisukari cha aina ya pili, kilichokuwa cha wazee, sasa kinawapata vijana. Wala wembamba wa mtoto aliyefikishwa hospitali usichukuliwe kuwa ni utapiamlo tu. Huenda ndio ugonjwa wenyewe unaomla.

Kwa hiyo kipimo cha dawa hakiwezi kuwa kimoja kwa wote. Mtoto ambaye hajabalehe, nafuu ya mwanzo ikiisha, huhitaji takriban uniti 0.7 hadi 1 kwa kila kilo kwa siku; mwenye kilo 20 atahitaji uniti 14 hadi 20. Akibalehe mahitaji hupanda, mara nyingi kupita uniti 1 kwa kilo. Mganga anayeandika dozi ya mwaka jana bila kumpandisha mtoto kwenye mizani anabahatisha.

Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam kati ya 1982 na 1991 ulikuta wagonjwa wapya 1.5 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wa umri wa chini ya miaka 20. Hesabu ni ndogo, lakini huwahesabu waliofika hospitali na kutambuliwa. Tunauliza: ni wangapi waliozikwa kwa jina la homa?

Tunasema haya kwa wahusika wa pande zote mbili za Muungano. Kila zahanati iwe na kipimo cha sukari, na mtoto anayefikishwa hoi, anayehema kwa nguvu, apimwe sukari kama anavyopimwa malaria. Insulini ifike bila kukatika, ihifadhiwe katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Na mzazi asiye na jokofu afundishwe kutumia chungu cha udongo chenye maji. Umri na uzito viandikwe kila mtoto anapohudhuria kliniki.

Nanyi wazazi, msingoje mtoto azimie. Kiu isiyokwisha na kitanda kilicholowa kwa mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani ni habari ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.