Baiskeli ya wizi inauzwa wapi?

Hapa Maisaka, mjini Babati, baiskeli si chombo cha mazoezi. Inabeba mahindi kwenda mashineni, madumu ya maji, mgonjwa anayewahishwa zahanati. Ikiibwa, kaya nzima imekatwa miguu. Inasikitisha kwamba wizi huu bado tunauita wizi mdogo.

Tuanze na kufuli. Wengi tunategemea ile pete ya chuma ya nyuma, inayopitisha ulimi wake katikati ya spoku. Gurudumu halizunguki, kweli, lakini baiskeli haijafungwa popote. Mwizi anainua upande wa nyuma, anaisukuma kwa gurudumu la mbele hadi uchochoroni. Huko bisibisi inatosha, maana pete nyingi zimeshikwa na skrubu mbili tu. Waya uliovishwa plastiki unatisha kwa unene. Ndani ni nyuzi nyembamba zilizosokotwa, na koleo hung'ata moja baada ya nyingine. Anayefunga mnyororo kwenye gurudumu la mbele pekee atalikuta gurudumu hilo na kufuli lake. Baiskeli yenyewe imeondoka kwa spana moja.

Bei kubwa nayo si kinga. Mwaka 2004, huko Marekani, ilibainika kwamba kufuli ghali za Kryptonite zenye ufunguo wa mviringo zilifunguka kwa bomba la kalamu ya Bic, kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja.

Kufuli basi linamchelewesha mwizi tu. Fungeni fremu pamoja na gurudumu kwenye nguzo isiyong'oka, mbele za watu. Lakini mali hiyo inauzwa wapi? Haipandwi mtaa uleule. Inafumuliwa: rimu kwa huyu, pedeli kwa yule, fremu inapigwa rangi. Na tangu lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, izinduliwe Aprili 2018, fremu ya Maisaka inaweza kulala Kondoa siku hiyohiyo.

Fremu nyingi zina namba iliyogongwa kwenye chuma, mara nyingi chini ya ekseli ya pedeli. Wangapi wanaijua yao? Bila namba, mwenye mali atabaki kituoni akisema "ni ile nyeusi" mbele ya baiskeli nyeusi kumi. Tunataka ofisi za mitaa ziwe na daftari la namba hizo, bila ada. Wazee wanaokumbuka kodi ya baiskeli wakisikia ada hawatajitokeza. Mafundi nao waandike jina la kila anayewauzia spea kuukuu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 311, inamgusa anayepokea mali akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa. Rimu nzima kwa bei ya soda ni sababu tosha.

Na wenye hasira wasikilize: mwizi afikishwe polisi akiwa hai. Akiuawa njiani, jina la mnunuzi wake linazikwa naye.

Halmashauri ya Mji wa Babati, kwa upande wake, ichimbie vyuma vya kufungia baiskeli sokoni na penye zahanati, na zege lifike chini kabisa.