Mtu wa Tatu Naye Asemezwe: Bima ya Magari na Lugha ya Madai Nchini Kenya

Kila mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili anafahamu kwamba nafsi ya kwanza ndiyo inenayo, ya pili ndiyo isemezwayo, ilhali ya tatu husemwa tu, aghalabu ikiwa haipo. Mgawanyo huu unaeleza vyema hali ya majeruhi wa ajali za barabarani nchini mwetu. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya humlazimu kila mwenye gari kukata bima ya kuwakinga watu wengine wanaoweza kuumia au kufa kutokana na gari hilo. Hao ndio waitwao "watu wa tatu". Mkataba hufungwa baina ya mwenye gari na kampuni ya bima; majeruhi huzungumziwa tu. Rai yangu ni kwamba huendelea kuzungumziwa hata baada ya kuumia, kwa kuwa madai yake huendeshwa kwa lugha asiyoimudu.

Hasara yake si ndogo. Kwanza, kuna suala la muda. Kwa mujibu wa sheria ya ukomo wa mashtaka, Sura ya 22, aliyejeruhiwa kwa uzembe wa mwingine ana miaka 3 ya kufungua kesi. Lakini ikiwa anayeshtakiwa ni Serikali, muda huo hupungua hadi miezi 12. Majeruhi aliyelazwa miezi minane baada ya kugongwa na gari la wizara huenda akatoka hospitalini akidhani ana wakati wa kutosha, kumbe amebakiwa na miezi minne. Isitoshe, kampuni ya bima sharti iarifiwe kuhusu kesi katika muda uliowekwa, la sivyo yaweza kukwepa kulipa hata mdai akishinda. Hata inapolipa, wajibu wake chini ya sheria hiyo una kikomo cha shilingi 3,000,000 kwa mdai mmoja. Kinachozidi hapo hudaiwa mwenye gari.

Pili, kuna suala la kosa. Ajali ikitokea, maneno ya kwanza kusikika kando ya barabara ni "kosa ni lako". Mwenda kwa miguu aliyevuka pasipofaa huambiwa hivyo, akaamini, akaenda zake nyumbani kuuguza mguu. Neno "kosa" hapa limebebeshwa mzigo usio wake. Sheria hutofautisha hatia ya jinai, inayoamuliwa katika kesi ya trafiki, na dhima ya kumfidia aliyeumia. Faini anayotozwa dereva huenda kwa Serikali, wala si fidia ya majeruhi. Tena dereva aweza kuachiliwa katika kesi ya jinai, akapatikana na dhima katika kesi ya madai, kwa sababu kiwango cha ushahidi kinachohitajika katika kesi ya madai ni cha chini.

Hali kadhalika, dhima hugawanyika. Chini ya Sura ya 26, mdai aliyechangia ajali kwa uzembe wake hapotezi haki yote, bali hupunguziwa fidia. Ikiwa hasara ni shilingi 1,000,000 na mahakama iamue kwamba alichangia asilimia 30, atapata shilingi 700,000. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani, kama vile Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia, kanuni ya jumla ni kwamba mdai aliyechangia hata kidogo hapati kitu. Sheria yetu ina huruma zaidi. Linalosikitisha ni kwamba wengi hujinyima wenyewe huruma hiyo kwa kutojua kuwa ipo.

Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Licha ya hayo, mikataba ya bima, fomu za madai na hati za kumaliza madai huandikwa kwa Kiingereza. Katika pengo hilo ndimo wanamoingia madalali wanaozunguka wodini wakimtafsiria majeruhi kile tu kinachowafaa. Majeruhi hutia alama ya dole gumba kwenye hati inayomzuia kudai tena, akidhani anapokea malipo ya kwanza. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga. Lakini huyu hata hakupewa nafasi ya kuambiwa.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Je, bima, fidia, dai, dhamana, dhima, hatia na uzembe ni za lugha gani? Tanzania ilipitisha sheria mwaka 2021 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wengine watasema kazi hiyo ni ya mawakili. Naam, lakini humwendea wakili yule tu ambaye tayari anajua kwamba ana haki ya kudai.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Mosi, kila kituo cha polisi na kila hospitali impe majeruhi ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza muda wa kudai, mgawanyo wa dhima na wajibu wa bima. Pili, hati yoyote ya kumaliza madai isiwe na nguvu mpaka iwe imeandikwa kwa lugha anayoifahamu mtia sahihi. Tatu, idara za Kiswahili na vitivo vya sheria katika vyuo vikuu vyetu vishirikiane kusanifu istilahi za bima na madai. Sisi wanafunzi tunaotafuta mada za tasnifu kila mwaka tuanzie hapa.

Sheria haitabadilisha ukweli kwamba majeruhi ni mtu wa tatu katika mkataba wa bima. Katika lugha, hata hivyo, tunaweza kumhamisha kutoka nafsi ya tatu hadi ya pili, ili angalau asemezwe. Akishasemezwa akaelewa, atajinenea mwenyewe.